Yule binti wa mpunga niliyemsema vibaya humu mwaka jana: leo nasema ukweli wote

Wakuu, habari za mapumziko. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba hata kama hamjanisalimia.

Mwaka jana niliandika uzi humu, mrefu na wenye hasira, kwamba vijana wa sasa hawaaminiki hata ukiwapa mbegu ya mpunga. Mlichangia kurasa na kurasa. Mmoja akasema binti kama yule apelekwe polisi, nami nikampa like.

Leo nimekuja kuuvunja uzi ule kwa mkono wangu. Hii siyo chai ya kutunga. Ingekuwa chai ningejitafutia nafasi nzuri zaidi ndani yake.

Kwa wageni: mimi niko Ifakara, Mlabani, nina kibanda cha kutengeneza redio na simu. Shamba letu liko ng'ambo ya mto, Lupiro. Lilikuwa la mama yangu, na kabla yake la bibi yangu.

Mama alikuwa na mpunga wake, unaitwa shingo ya mwali. Wazee wa bonde wanaujua. Ni mrefu, upepo ukija kidogo unalala, unachelewa kukomaa, na mavuno yake ni ya kukatisha tamaa.

Ila ukipikwa, jirani anakuja kukusalimia bila sababu.

(Nyie wa Dar mnaouziwa "mchele wa Ifakara" ambao haujawahi hata kupita Ifakara, poleni. Hii harufu hamtaielewa.)

Mbegu ile mama aliipokea kwa mama yake alipoolewa. Kila mwaka alichagua masuke mazuri kwa mkono, akayaanika, akapura taratibu, akaweka kwenye ndoo pamoja na majivu. Na kila mwaka alipanda. Wakulima wenzangu mnajua, mbegu ya mpunga siyo kitu cha kuweka kabatini. Ukiikalisha inakufa humo humo huku unaiangalia.

Miguu ya mama ilipogoma nikamleta kwangu Mlabani. Macho nayo yakaingia ukungu, akawa anatujua kwa sauti na kwa hatua. Kitu kimoja tu alichokuwa akiniomba: "Baba, usiache kunipandia kile kijaruba changu."

Nikasema sawa mama.

Msimu wa kwanza sikupanda. Nilikuwa na kazi nyingi, na nikajiambia shingo ya mwali itapumzika mwaka mmoja tu, shamba lote nitie Saro. Saro ni mpunga mfupi, wa kisasa, unazaa vizuri. Siusemi vibaya, umesomesha watoto wangu.

Msimu uliofuata nikaenda na ndoo ya mama, nikamwaga kitaluni. Wiki ikapita. Mbili zikapita. Hakikutoka hata kijani cha kusingizia.

Nilikaa kwenye tuta nikaitazama ile ndoo tupu. Wakuu, ningerudi siku ile nikamwambia mama, angelia, ningelia, yangeisha. Badala yake nilichukua Saro, nikaichanganya na majivu, nikaijaza ndoo ya mama, nikairudisha chini ya kitanda chake.

Hata majivu sikusahau. Mnaona nilivyokuwa na akili.

Tulipovuna, mke wangu akapika, mama akapelekewa sahani. Akala taratibu, akanawa, akasema, "Ahsante baba, umenipandia." Mimi moyoni nikasema, imepita.

Basi ikawa hivyo miaka miwili, nikaingia wa tatu.

Sasa Fausta. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, alimaliza form four, hakuendelea, analima jirani na shamba letu Lupiro. Mchapakazi sana. Mwaka juzi mwishoni kibanda changu kilikuwa na kazi nyingi, nikampa yeye kijaruba cha mama akilime kwa malipo. Nikamkabidhi kiroba cha mbegu kutoka kwenye ile ndoo, na maonyo juu.

"Hii ni ya bibi," nikamwambia. "Imetoka kwa mama yake. Ikipotea hii hakuna nyingine."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Nilikuwa nimedanganya hadi uongo wenyewe ukaniamini.

Akaipokea kwa mikono miwili.

Kila nikimpigia simu ananijibu shamba linaendelea vizuri. Mwezi wa sita mwaka jana akaja Mlabani na gunia kwenye bodaboda. Asubuhi tu, mama yuko barazani anaota jua, mimi niko pembeni nafungua redio ya mteja. Fausta hakushusha hata mzigo vizuri. Akaenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Habari za Lupiro?"

"Siyo nzuri, bibi. Huu mpunga siyo wako."

Bisibisi ikanitoka mkononi.

Akaeleza. Maji yalipanda siku moja tu, yakachukua kitalu chote cha mbegu ya bibi, miche ikiwa bado midogo. Kitalu chake mwenyewe kilikuwa juu kidogo, kikapona. Akaogopa. Akapandikiza miche yake ya Saro kwenye kijaruba cha mama, akajiambia bibi haoni, nani atajua.

"Nilimdanganya mjomba huyu kwenye simu mara mbili," akasema, machozi yanamtiririka. "Leo nimefika darajani nikawaza, bibi ataupika huu akidhani anakula mpunga wa mama yake. Nikashindwa. Nisamehe bibi. Mimi ndiye niliyeipoteza."

Rudieni hapo, wakuu. Binti alikuwa analilia Saro iliyochukuliwa na maji, akaweka Saro nyingine. Nikinyamaza nilikuwa mwongo. Nikisema nilikuwa mwongo wa miaka mitatu.

Nikachagua njia ya tatu. Niligomba.

Niligomba mpaka wapita njia wakasimama. Vijana wa siku hizi! Mnashinda kwenye simu! Hamna uaminifu, hamna adabu, mmeua urithi wa ukoo mzima! Nilikuwa na jasho kabisa. Mama alikuwa amegeuzia uso upande wangu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Nilipochoka akasema, "Umemaliza, baba?"

Halafu akanyoosha mkono, akamtafuta Fausta, akampapasa kichwani. "Inuka mjukuu. Umekuja, inatosha. Nenda kanywe uji."

Jioni ile ndiyo niliandika ule uzi wenu.

Nilidhani binti hatarudi tena. Alirudi. Kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa anapita na habari: nimeuliza kijiji hiki hawana, nimeuliza kile wameacha zamani. Baiskeli yake ilizunguka bonde zima. Mama akawa anamsubiri. Mtu akipita na baiskeli ananyanyua shingo. Na mimi kila akitaja kijiji alichofika, nilikuwa natazama chini. Alikuwa anatafuta kitu nilichokipoteza mimi.

Mwezi wa kumi akapanda treni mpaka Uchindile. Alisikia kuna bibi aliolewa kule zamani akitokea bonde hili hili, na akaondoka na mbegu yake. Akamkuta, kweli, na kishamba nyuma ya nyumba. Yule bibi akampa kifurushi cha masuke, kimefungwa kwenye kanga kuukuu, kinachojaa viganja viwili.

Akakileta. Mama akakiweka mapajani. Akapitisha vidole kwenye masuke, akatoa punje tatu, akazimenya kwa ukucha, akaweka mdomoni. Akatafuna muda mrefu sana.

"Hii ndiyo," akasema. "Miaka minne sijaisikia harufu hii."

Fausta hakuhesabu. Alikuwa anafuta machozi anacheka.

Mimi nilihesabu.

Mke wangu akasema tuutwange japo kidogo, mama apate sahani moja. Alikuwa amekonda, chakula kilikuwa hakishuki, na ile hamu ilionekana usoni kwake. Mama akakataa. "Nikila hiki, tutapanda nini?"

Fausta alipoondoka nikabaki naye barazani. Nikamwita, "Mama." Akanizuia kwa mkono.

"Nilijua sahani ya kwanza," akasema. "Macho yamekufa, pua haijafa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Jamani.

Sahani baada ya sahani yule mama alikuwa ananiambia ahsante, ananipa nafasi, na mimi napokea ahsante naondoka nayo. Niliinama pale nikalia nikiwa na mvi zangu. Akaniambia mimi alikwisha kunisamehe zamani. "Ila mwambie na yule mtoto wa watu. Anatembea na mzigo wako."

Nikasema sawa mama. Ile ile sawa yangu.

Sikumwambia. Niliona aibu. Nikasema nitamwambia tukipanda. Tukapanda, nikasema nitamwambia tukipalilia. Mama akatuacha mwezi wa tatu, mvua zinanyesha, mpunga wake uko magotini.

Msibani Fausta alishika jeneza akisema, "Bibi nisamehe, nisingeipoteza ungekula." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kumgusa bega. Wakuu, hata pale nilinyamaza.

Tumevuna mwezi huu, kwa visu, suke moja moja kama mama alivyokuwa akitaka. Tulikuwa sisi wawili tu. Mpunga umezidi urefu wa kifua changu, na jua likishaupiga unanukia ukiwa bado shambani. Nilikuwa nakata, nageuka kumwambia mama, nakumbuka.

Katikati ya jaruba nikasema. Sikupamba. Nikamwambia mbegu ilikufa mikononi mwangu, kile kiroba nilichokupa kilikuwa Saro, wewe hukupoteza chochote.

Akaacha kukata.

"Kwa hiyo siku ile nalia, bibi alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Na wewe mjomba ulikuwa umekaa pale?"

"Nilikuwa nimekaa pale."

"Na msibani?"

Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi, tukamaliza jaruba. Nilitamani anitukane. Laiti angenigombeza robo ya nilivyomgombeza.

Tulipofunga mavuno, akatenga masuke mazuri yote upande mmoja, akayafunga kwenye ile kanga ya Uchindile. Mimi nikafungua ndoo ya mama, niliyokuwa nimeibeba kwa kazi hiyo. Akaichukua ndoo mkononi mwangu, akaweka kifurushi chake ndani, akafunika.

"Mjomba," akasema kwa adabu yake ile ile, "mbegu nitatunza mimi."

Nilitaka kubisha. Ni mbegu ya mama yangu, ya bibi yangu, mimi ndiye mtoto pekee. Akaifunga ndoo nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaniaga, akaenda. Niliiangalia ile ndoo mpaka ikapotea kwenye kona.

Kiasi kilichobaki tulikitwanga kwenye kinu, mke wangu akapika. Kweli jirani alikuja kutusalimia bila sababu. Nikapakua sahani ya kwanza, nikainuka nayo, nikafika barazani mwenyewe kabla sijakumbuka kuwa kiti cha mama hakina mtu.

Nikakaa kwenye kile kiti nikala. Ni mtamu, wakuu. Ni mtamu mno kwa mtu kama mimi. Nilitamani niisikie ile "ahsante baba" japo mara moja, ya sahani ya kweli.

Nilichojifunza: kila nikisikia mtu anasema vijana wa siku hizi hawana uaminifu, namuuliza wazee waliowalea walikuwa wanapanda nini kitaluni. Yule binti alidanganya miezi mitano akashindwa kuendelea. Mimi mtu mzima niliweza miaka minne, na ningeendelea.

Mods naomba ule uzi wa mwaka jana msiufute. Uacheni, ila mbandike huu chini yake, ili aliyemhukumu binti kwa maneno yangu aje asome na haya.

Na yule ndugu wa polisi, ile like naomba unirudishie.

Mnaruhusiwa kunisema, leo sibishi. Ila kabla hujaandika comment yako, kama mama yako yuko hai na kuna sahani unampelekea ambayo siyo ya kweli, mpigie kwanza. Usidhani hajui. Anakusubiri.