Nakala Ishirini na Saba

Seva yetu ilikaa Nyamugari, hapa Gitega, nyuma ya duka la vitenge la baba wa dada aliyeitunza. Ilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kioo chake, juu ya meza ya cherehani. Kwa mashine hiyo tuliunda kamusi ya Kirundi na Kiswahili ya kwenye simu, kwa kujitolea, kila mtu akiwa kwao, tukiifikia kwa mtandao. Sheria zake zilijaa ukurasa mmoja. Mashine ni ya kazi ya wote. Usiweke vitu vyako binafsi. Ukihitaji nafasi kubwa, uliza kwanza. Nilizisoma, nikazikubali, kisha nikaweka riwaya yangu humo.

Jumatano moja mwalimu wa Muyinga, mwenzetu katika kamusi, alituma maneno aliyoyakusanya kwa siku tatu, mengi yakiwa majina ya maharagwe. Seva ilikuwa imejaa, hayakuingia. Naye hakujua, akazima kompyuta yake bila kuyahifadhi, kazi ikapotea. Dada akaniita dukani.

"Kaa hapo," akasema, akinionyesha orodha ya mafaili yaliyojaza seva. "Mafishie ya nani hii?"

"Yangu."

"Riwaya moja, nakala makumi mbili na saba. We uko unaandika kitabu ao uko unapanda maharagwe?"

Nikamweleza. Nililelewa kambini Tanzania, na mama hakulaza vitu vyetu nyumba moja hata siku moja. Vyeti kwa jirani wa juu, sufuria nzuri kwa jirani wa chini, picha ya babu kwa mke wa mchungaji. Tukitimuliwa, kimoja kitapona. Tulirudi, amani ikatulia, lakini mikono yangu haikupata habari. Kila nilipomaliza sura, niliificha nakala mpya mahali pengine ndani ya seva, pamoja na saa nyingi za sauti ya mama akinisimulia maisha yake, maana riwaya ilizaliwa humo.

Dada akaitazama tena orodha. "Hapa hakuna mwenye atakukimbiza," akasema. "Ila mi nitakukimbiza. Ijumaa, mbele ya swala, kama iko bado hata moja, nakufungia mlango."

"Kompyuta yangu inazimika ovyo, dada. Ikifa, riwaya imekwenda."

"Mi nilikuwa na picha za harusi ya dada yangu humu. Nilizitoa. Si niko mzima?" Akavuta droo, akanipa flashi ya bluu. "Peleka kwa mama yako. Na upite kwa mwalimu."

Nikanakili kila kitu kwenye flashi, nikafuta nakala ishirini na sita mbele ya macho yake. Ya mwisho nikaomba isubiri hadi mama apokee flashi.

Alhamisi nilifika Muyinga. Mwalimu alinitengea kiti, akasema, "Karibu, mwandishi. Leo utaandika vya wengine." Alinitajia upya kutoka kichwani maneno yaliyopotea, maharagwe mekundu, ya madoa, yale madogo ya njano, nami nikachapa hadi vidole vikachoka. Sikumbuki siku niliyoandika kwa raha zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa Butihinda, uani kwa mama. Aliipokea flashi kwa mikono miwili, akafungua kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na vyeti vyetu vyote na picha ya babu.

"Majirani hawakutunzii tena?"

"Nimevichukua. Watu wana nyumba zao, mwanangu. Wakae na vitu vyangu mpaka lini?" Akaitikisa flashi sikioni, kama anayepima yai. "Na mimi humu nimo?"

"Umo."

"Na unene wangu umeuandika?"

"Kidogo."

"Nitaitunza. Lakini hapo utarekebisha."

Nikapanda hadi mwisho wa migomba, ambako mtandao hushika. Kidole kilisimama juu ya simu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaifuta ya ishirini na saba.

Haukupita muda dada akapiga. "Iko sawa. Mwalimu ameanza kutuma, na yanaingia. Mi nafunga duka, baba ananingoja kwa swala."

Nilibaki nimeketi. Chini yangu maharagwe ya mama yalikuwa yakichanua, yote katika shamba moja.