Ndoo ya Maziwa ya Kulow

Kulow alizaliwa kwenye ngamia, akakulia kwenye ngamia, na lau ukame usingemfilisi angezeekea huko huko. Alipobaki mikono mitupu alishuka Mto Tana, pale Garissa, akajifunza kuvua kambare, na kazi ikamkolea. Shida ilikuwa mama mkwe wake, Istahil. Mwanamke wa ukoo wa wafugaji aseme mkwewe ni mvuvi? Bora ardhi immeze. Basi kila Ijumaa Kulow alimpelekea samaki ndani ya ndoo ya maziwa, kifuniko kimekazwa, naye Istahil akawatangazia majirani kwamba mkwewe anauza maziwa. Samaki mwenyewe alimla hadi akaramba vidole.

Mvua kubwa zikaja. Mto ukafurika, ukachukua mtumbwi na nyavu za Kulow na wenzake wawili. Serikali ikatangaza kuwa wavuvi walioathirika wangepewa mtumbwi na nyavu mpya, mradi wakazi washuhudie kwenye baraza la chifu kuwa ni wavuvi kweli. Bila msaada huo Kulow hakuwa na pa kuanzia.

Siku ya baraza afisa wa uvuvi akauliza, "Nani anamjua huyu kuwa mvuvi?"

"Kulow?" jirani mmoja akashangaa. "Si huyu anauza maziwa?"

Watu wakacheka. Wenzake Kulow, wafugaji wa zamani kama yeye, nao waliuficha uvuvi wao, wakaogopa kumshuhudia. Yeye akainamisha kichwa. Kumuumbua mama mkwe hadharani? Heri akose mtumbwi.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Istahil ilikomea pale kwenye kiti chake cha plastiki. Akasimama, akavuta shungi.

"Bwana afisa, ile ndoo hakuna maziwa. Ni samaki. Mimi ndio nilidanganya watu, aibu ilinishika. Wallahi huyu ni mvuvi, na samaki yake mimi nakula." Akameza mate. "Sasa mpe mtumbwi haraka. Tangu mafuriko nakula maharagwe tu."

Baraza zima lilicheka, afisa akiwemo.

Mtumbwi ulikuja. Ijumaa ya kwanza Kulow alibisha kwa mama mkwe na ndoo yake, kifuniko kimekazwa kwa mazoea. Istahil akatwaa samaki, akarudisha ndoo, kifuniko akabaki nacho.

"Hii nitafunikia sufuria," akasema. "Wewe kuja hivyo hivyo, watu waone."

Kulow alirudi akikatiza katikati ya soko na ndoo wazi inayonuka kambare, akimsalimu kila mtu, furaha imemjaa.