Neno Baba katika Daftari la Mwalimu Kassian

Mwalimu Kassian alikuwa na wiki tano tangu amzike mkewe, Wegesa, na kwa wiki zote tano aliishi kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kitini. Alikula alichopewa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Watu wa Nyamisangura walipokuja kumpa pole, alisema asante, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi kukaa palepale. Machozi hayakumtoka hata siku ya mazishi. Mwanzoni alijishangaa, kisha akaacha, maana hata kujishangaa kunataka nguvu.

Kitu pekee kilichomsumbua kidogo ni simu ya kila Jumapili. Elieth, binti yao wa pekee, alikuwa Uturuki mwaka wa tatu akisomea lugha, na hakuambiwa kwamba mama yake amekufa.

Aliyeamua hivyo ni Nchagwa, kaka wa marehemu, mmoja wa wale watu wanaoitisha kikao ili kuwatangazia wenzao walichokwisha kukiamua wenyewe.

"Mtoto ana mitihani," alisema siku ya msiba. "Mkimwambia sasa ataacha kila kitu. Amalize kwanza. Kaburi haliendi popote."

Ndugu wote wakakatazwa kuweka picha mtandaoni. Elieth akaambiwa mama yake yuko Nyansurura anamuuguza bibi, simu imeharibika, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Kazi ya kusema uongo huo akapewa Kassian, aliyewachapa watoto wa watu kwa miaka thelathini kwa kosa hilohilo. Hakubisha. Kubisha nako kulitaka nguvu.

Kwa bahati Elieth mwenyewe alikuwa na lake kichwani. Alikuwa amepewa kazi ya kufuatilia neno moja fupi, baba, katika lugha za Waturuki na jirani zao, kisha alilinganishe na lugha za kwao. Kila Jumapili alikuja na mapya.

"Shikamoo baba. Leo nina mengi!"

"Marahaba. Ngoja nichukue daftari."

Akaandika kila alichoambiwa, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Kwa Waturuki, baba ni baba, kama kwetu. Kwa msichana wa Azabajani aliyelala chumba kimoja na Elieth, baba ni babu. Wauzbeki wanasema bobo, na huyo naye ni babu. Waajemi wanamwita hivyo mzazi, na mzazi huweza kumwita mwanawe hivyohivyo akimbembeleza. Warusi, ambao ni jirani tu, baba wao ni mwanamke, hasa bibi wa kijijini. Elieth alicheka mpaka akakohoa.

"Na lilitoka wapi hasa?" Kassian aliuliza, kwa sababu ni swali ambalo mwalimu huuliza.

"Wengine wanasema kwa Waajemi. Wengine wanasema halikutoka popote, ni midomo ya watoto wachanga tu, kila mahali. Profesa anasema hakuna mwenye ushahidi."

Siku nyingine alimtumia picha ya sanamu ya jiwe kutoka nyika za huko mbali, mtu amesimama ameshika kikombe tumboni. Alisema watu wa kale waliziweka makaburini, na Warusi wanaziita baba pia, hata zile za wanaume. Kassian aliitazama picha ile muda mrefu. Hakuwaza kitu.

Kwenye mstari wa Kikurya, lugha ya mkewe, aliandika: mama. Hilo hakuhitaji kuambiwa. Alipokuwa kijana mgeni aliyepangiwa kazi huku kutoka Mbinga, Wegesa alimpeleka kwao, akaingia uani akiita "Baba!", na mama yake akatoka na unga mikononi. Kassian alilikumbuka lile jambo lote, mpaka rangi ya kanga, na hakusikia chochote moyoni. Hapo aliogopa kidogo.

Jumapili ya tano Elieth akaleta ombi. Kila mwanafunzi alitakiwa apeleke sauti ya mtu wa kwao akilitamka lile neno.

"Namtaka mama. Sentensi moja tu. Mtu akienda Nyansurura na simu, amrekodi. Mwisho kesho."

Kassian alisema sawa. Kisha akamwendea Nyangi, mdogo wa marehemu, aliyekaa mtaa wa pili. Nyangi na dada yake walifanana sauti kiasi kwamba yeye mwenyewe, mume, aliwahi kuwachanganya kwenye simu.

"Shemeji," Nyangi alisema, "unataka nimuigize dada yangu?"

"Sentensi moja. Zimebaki wiki mbili za mitihani."

Alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe akajifuta uso, akashika simu, akasema polepole: "Mimi ni Mkurya. Kwetu mama tunamwita baba." Alisema vizuri kabisa. Kassian akaituma, akaona ametatua jambo.

Jibu lilikuja kabla hajafika kwake.

"Huyo ni mama mdogo, sauti ya mama siwezi kuikosea," Elieth aliandika. "Kama mama angekuwapo, msingemtafuta mtu aseme badala yake. Baba, mama alikufa lini?"

Alisimama kando ya barabara, bodaboda zikimpigia honi. Alianza kuandika, akafuta. Akapiga. Simu ikapokelewa mara moja, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Alhamisi," Kassian alisema. "Saa nne asubuhi. Presha. Hakuteseka."

"Alhamisi ipi?"

Akamwambia. Kule upande wa pili akamsikia akihesabu.

"Jumapili tano," Elieth alisema. "Jumapili tano nimekupigia nikicheka, baba, na wewe ukaniacha nicheke."

Kassian alifungua mdomo ili amtaje Nchagwa, na kikao, na mitihani. Kisha akamsikia mtoto wake akianza kulia peke yake kule ugenini, bila mtu wa kumshika, na uchungu wa wiki tano ukampata wote kwa mara moja mpaka akachuchumaa palepale barabarani.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuacha."