Viatu Vyangu na Blanketi la Mama Mkwe

Hili mke wangu hapendi nilisimulie, na mimi nikilikumbuka natamani kujifunika uso, lakini leo acheni niliseme. Nilikuwa mwalimu mgeni Isongole, nimetokea Tanga huko kwenye joto, nikampenda Atuganile, binti wa kijiji cha Lupepo, na siku ya kwenda kujitambulisha kwa mama yake (baba alishafariki) ilipokaribia akaniambia, "Usihangaike na mengi. Mama baridi inamtesa, mletee blanketi zito, basi."

Nikaenda sokoni Tukuyu na hela ya blanketi tu, na blanketi nikaliona, zito, la kijani, nikalishika kabisa, halafu jicho likaangukia viatu vya mtumba, vyeusi, vinang'aa mpaka unajiona (kumbe ni kiwi na gundi tupu). Nikajiambia ukweni mtu hutazamwa miguu kwanza. Nikavichukua, na kilichobaki nikanunua blanketi la bei ndogo lililofungwa kwenye mfuko mzuri wa zipu, hata kulikunjua sikulikunjua.

Nashuka kwenye bodaboda Lupepo, manyunyu, tope, hatua chache tu soli ya kulia ikaachama, ya kushoto ikabaki njiani, nikaingia sebuleni soksi zinachuruzika maji mbele ya mashangazi waliojipanga kunisubiri. Nikaharakisha kutoa zawadi ili waache kunitazama miguu. Shangazi mkubwa akalikunjua: blanketi la mtoto mchanga, lina picha za bata.

Akauliza, "Mwalimu, kuna mtoto tusiyemjua?" Macho yote yakahamia tumboni kwa Atuganile, naye akainuka akatoka analia.

Mama peke yake ndiye hakunisuta. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akalitandaza magotini, likaishia hapo hapo. Akaingia ndani, akarudi na gambuti za marehemu mumewe. "Vaa, usije ukaugua."

Atuganile alinisindikiza hadi barabarani, akauliza, "Blanketi zito uliliona?"

"Nililiona."

"Ukaliacha?"

Nikapanda bodaboda na gambuti za baba yake.

Mshahara ulipotoka nilinunua zito kweli kweli, nikampelekea mama na kumwomba radhi mbele ya mashangazi wale wale, akanisamehe, na tukaoana. Lakini zile wiki za katikati ilikuwa Juni, na baridi ya Juni huku naijua sasa. Mama alizilala zote na lile la bata. Siku hizi nikiwa na hela ndogo sokoni, kwenye viatu sipiti kabisa.