Mahali Pana Mwenyewe

Askari karudi kwetu, nyuma kaja naye nani?
Hayamwoni macho yetu, twamhisi mgongoni.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Burat ilikuwa karibu na kambi ya jeshi, na siku za mazoezi ya shabaha tulisikia risasi kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria ya jirani. Mjomba Ekiru, ndugu mdogo wa mama, alirudi kutoka Somalia nikiwa darasa la nne, akaja kukaa kwetu. Hakurudi ndani ya jeneza, na kwa hilo mama alimshukuru Mungu. Nyanya yetu, ambaye kwa Kiturkana tulimwita Ata, hakuharakisha kushukuru. Alimtazama mwanawe akivuka ua, kisha akapatazama mahali pasipokuwa na mtu, hatua chache nyuma yake.

"Msisimame nyuma ya Ekiru," alituambia jikoni. "Aliyeua mtu hutembea na mtu. Ukisimama pale, umesimama mahali pana mwenyewe."

Kwamba mjomba aliua, hakuna aliyewahi kutuambia. Shaka ilitosha. Nilianza kumchunguza. Kiti chake alikisogeza hadi kikagusa ukuta. Kanisani alichagua benchi la mwisho kabisa. Nilipompelekea chai, aliuliza kabla sijafika mlangoni:

"Nani amekutuma?"

"Mama."

"Mama yupi?"

Kana kwamba nilikuwa na mama wengi! Vumbi liliponyanyuka nyuma yake, niliapa moyoni kwamba si upepo. Naye alitushuku sisi: mbona tunanong'ona, mbona komeo la mlango wa uani ni jipya. Tuliishi tukipelelezana, kila mmoja akiamini ndiye anayepelelezwa.

Ndipo akaja Kinoti, jirani yetu wa bodaboda, mtu wa mzaha usiojua kubisha hodi. Alimkuta mjomba akinawa uso penye mfereji.

"Afande! Umetuletea nini huko Somalia, ngamia ama bibi?"

Akampiga kofi la kirafiki mgongoni. Sikumwona mjomba akigeuka. Nilimwona Kinoti chali kwenye tope, goti kifuani, vidole kooni. Na macho ya mjomba, yaliyokuwa yakimtazama, hayakumjua. Mama aliliita jina la ndugu yake hadi vidole vikalegea. Niligeuka kumtafuta Ata. Hakuonyesha mshangao wowote.

"Akirudia, ni polisi," Kinoti alisema kwa sauti iliyokwaruzika. "Na hiyo si ya daktari. Hiyo ni ya mchungaji."

Mama alishikilia hospitali. Alijua kwamba siku nyingine vidole vile vingechelewa kulegea, na shingo ingeweza kuwa ya mtoto.

"Mimi si kichaa, dada."

"Nani amesema kichaa? Nimesema daktari."

Alikubali kwa shingo upande, akaenda, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Foleni ni ndefu, alisema. Akaenda tena, akarudi vilevile. Majirani walinong'ona kwamba kilicho nyuma yake kinaogopa hospitali. Mama alishuku kwamba hata langoni hafiki. Jioni hiyo Ata, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliuliza bila kuinua uso:

"Ekiru, hiyo foleni ilikuwa ndefu mbele, ama nyuma?"

Mjomba alikiweka kikombe chini polepole.

"Nyuma," akasema.

Kesho yake tulifuatana naye, mimi nikiwa nimembebea Ata chupa ya maji. Watu walipoanza kujipanga, Ata aliingia mara moja nyuma ya mwanawe, akaisimika fimbo yake. Mama mmoja aliyebeba mtoto alimhurumia.

"Shosho, keti hapo kwa benchi. Tutakuwekea nafasi."

"Hapa pana mwenyewe," Ata akamjibu.

Nilisisimka. Nilidhani anamlindia marehemu nafasi yake. Kila foleni iliposogea, alisema kwa sauti ya chini, "Ni mimi," na mabega ya mjomba, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni, yalishuka kidogo. Hakugeuka hata mara moja.

Leo najua kwamba ugonjwa ule una jina, na kwamba una tiba ndefu kuliko foleni ile. Mjomba angali akiifuata, kwa manung'uniko. Lakini sijui Ata aliona nini siku ile uani, na nilipomuuliza alinicheka. Ninachoweza kusema ni hiki: sisi sote tulipaogopa mahali pale, na yeye aliyepaogopa zaidi yetu ndiye aliyekwenda kupajaza.

Mlango ulifunguliwa, jina likaitwa, mjomba akaingia. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na waliochoka wakaketi sakafuni, mimi nikiwa mmoja wao. Ata alibaki amesimama palepale.