Kwetu Hatuagi

Kilichoninyima usingizi wiki zile hakikuwa ndege, wala matetemeko ya ardhi ambayo nilikuwa nimeyasoma mpaka nikachoka. Lilikuwa swali moja, ambalo mchana lilionekana la kitoto: nikienda Japani bila kumuaga mama, je, litanipata jambo kwa sababu sikuaga? Na nikimuaga, je, litanipata kwa sababu nimeaga?

Mume wangu alikuwa analala. Yeye hulala kama mtu aliyeajiriwa kulala. Mimi nilisikiliza upepo ukikwaruza majani ya mwarobaini uwanjani, nikiligeuza swali upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na mtu aliyekufa.

Kwetu hatuagi. Si desturi ya Wagogo, wasije wakasema nimewazulia. Ni desturi ya nyumba yetu tu, pale Mpwapwa, na ina chanzo chake. Baba yangu alikuwa ananunua ng'ombe minadani. Jioni moja alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, anacheka, anaaga kwamba alfajiri anakwenda mnadani Chemba na huenda akakaa. Aliwaaga hata watu ambao walikuwa hawasemeshani naye. Lori alilopanda lilipinduka huko huko. Msibani watu walirudia jambo moja tu: "Kumbe alikuwa anaaga."

Mama aliyasikia. Tangu hapo, mtu wa nyumba yetu akitaka kusafiri, mama anakwenda uani, anakaa kwenye kigoda, anakupa mgongo na kuanza kuosha sufuria kwa kelele. Wewe unachukua begi lako na kutoka wakati sufuria zinagongana. Hivyo ndivyo nilivyokwenda sekondari, na hivyo ndivyo nilivyokwenda chuo kule Chimwaga, safari ambayo haimalizi hata nusu siku. Ukifika unapiga simu, unasema, "Nimefika." Naye anasema, "Haya."

Safari ya Japani ililetwa na mwalimu. Mume wangu alisoma sekondari Chemba, na hisabati alifundishwa na Mjapani mmoja aliyestaafu kwao akaja huku kujitolea. Waliendelea kuandikiana. Sasa mwalimu ni mzee, anaishi peke yake katika mji mdogo wa milimani, na aliandika kwamba angependa kumwona mwanafunzi wake na mkewe kabla baridi haijashika. Hata kwa siku chache. Mume wangu alisoma ujumbe ule akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

Kila jioni baada ya kazi tulikaa na kompyuta mezani kupanga. Kwenye ramani kulikuwa na picha za barabara yenyewe, kutoka stesheni ndogo ya treni hadi karibu na nyumba ya mwalimu, na unaweza kuifuata hatua kwa hatua kama unatembea. Nilitembea. Lami safi, madirisha yamefungwa, mashine ya kuuza vinywaji inawaka peke yake kwenye kona. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa hata na kuku.

"Watu wako wapi?" nilimuuliza mume wangu.

"Kazini."

"Wote?"

"Wale wanachapa kazi, mke wangu. Si kama ofisini kwenu."

Baadaye mwalimu alituma picha ya chumba alichotuandalia. Magodoro mawili chini, juu ya mikeka, vikombe viwili, na kwenye mlango wa bustanini jozi mbili za ndara. Ndara zilikuwa zimepangwa zikiangalia nje.

"Mbona zinaangalia nje?"

"Ndiyo adabu yao. Ukitaka kutoka unavaa moja kwa moja, huhangaiki."

"Hatujafika, tayari ametuelekeza mlangoni?"

Alicheka mpaka akafuta macho. "Wewe ulikosea kozi. Ungesoma sheria."

Kuanzia siku ile akaanza kufanya mazoezi. Kila jioni aligeuza ndara zetu pale kizingitini ziangalie uwanjani, na kila akitoka alisema kwa sauti maneno ambayo mwalimu alikuwa akiwalazimisha darasa zima kuyasema kabla ya kwenda nyumbani. Maana yake ni kwamba ninakwenda, na nitarudi. Alikuwa anayafurahia kama pipi. Mimi nikifika nyumbani na kuziona zile ndara mbili zimeelekea nje, nilihisi kama tumeshaondoka na waliobaki ndani ni watu wengine.

Tulikubaliana tusimwambie mtu yeyote. Hilo halikuwa ajabu. Siku hizi nani anatangaza safari? Unatuma picha ukiwa umeshafika, wenye kijicho wakute mambo yamekwisha. Mimi siri hiyo ilinifaa zaidi, maana ilinipa sababu nzuri ya kutompigia mama.

Tulikuwa tumepanga katika nyumba ya vyumba kadhaa vinavyotazamana, uwanja mmoja. Chumba cha mbele alikaa bibi mmoja Mrangi, ametoka Kondoa kuja kuishi karibu na mwanawe. Kila alfajiri, akishaswali, alifagia uwanja wote, milango yetu sote, na hakukubali kusaidiwa. Ufagio wake ndio uliokuwa saa yangu.

Asubuhi moja nikiwa kitandani, macho wazi, niliusikia ufagio unakuja upande wetu. Ukafika. Ukanyamaza. Kisha ukaanza tena, ng'ambo ya mlango wetu.

Nilipofungua mlango, bibi alikuwa ameshaingia kwake. Uwanja wote ulikuwa na mistari ya ufagio, safi, isipokuwa kipande kilichoanzia kizingitini kwetu kwenda hadi getini, upana wa mtu mmoja. Pale majani ya mwarobaini yalikuwa yamelala kama yalivyoanguka. Nilisimama nikikitazama kile kijia. Kwetu, nyumba isiyofagiwa ni nyumba yenye msiba.

"Amechoka, mtu mzima yule," mume wangu alisema akifunga vifungo vya shati.

"Amechoka mbele ya mlango wetu tu?"

Kazini sikufanya la maana. Jioni nilinunua zabibu njiani, nikampelekea. Alikuwa amekaa nje anapepeta choroko.

"Shikamoo, bibi."

Alinyanyua uso, na ungo ukatulia mikononi mwake. "Marahaba. Umerudi saa ngapi?"

"Kutoka kazini? Ndiyo nafika."

"Kutoka safari."

"Sijasafiri, bibi."

"Mwanangu, magoti ndiyo yamekufa, macho bado. Nilikuwa nafagia hapa. Umetoka na begi, umejitanda khanga, nikakwambia safari njema, hukunijibu. Nikasema, huyu ana haraka au ameanza maringo? Sikufagia nyuma yako. Msafiri hafagiliwi nyuma siku anayotoka, ni kama unamfukuza."

Nilicheka, maana sikujua nifanye nini kingine. "Labda ulimwona mtu wa chumba cha pili."

"Chumba cha pili wote wanene."

"Begi gani, bibi?"

"Jeusi. Lina kitambaa chekundu kwenye mpini."

Begi tulikuwa tumelileta ndani ya mfuko wa dukani. Kile kitambaa nilikifunga mwenyewe chumbani, ili lisije likatupotea uwanja wa ndege, na tangu hapo lilikuwa chini ya kitanda.

"Na mume wangu?" niliuliza. "Alikuwa mbele au nyuma?"

Bibi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo angependa lisiulizwe. "Ulikuwa peke yako."

Nilimweleza mume wangu nikitegemea atacheka, na alianza kucheka. Alisema pengine natembea usingizini. Nikamwambia mtu asiyelala anatembeaje usingizini? Akasema basi atafunga mlango na kuulalia ufunguo. Tukachutama pamoja kuangalia chini ya kitanda: begi lilikuwepo, kitambaa kipo, vumbi juu yake halijaguswa. Akalirudisha polepole, tofauti na kawaida yake ya kusukuma vitu kwa mguu.

"Peke yako, alisema?"

"Peke yangu."

Akakaa kitandani. Tangu nimfahamu, ilikuwa mara ya kwanza kumwona naye anawaza kama mimi, na sikupenda. "Tuahirishe?" aliuliza. Nilijua neno lile limemgharimu nini. Viza zilikuwa zimeshagongwa. Mwalimu alikuwa ametandika magodoro. Na mzee anayeishi peke yake ukimwambia mwakani, unamwambia nini hasa?

"Tusiahirishe," nilisema. "Jumamosi twende kwanza Mpwapwa."

Tulishuka stendi saa za jua kali, tukachukua bodaboda mpaka nyumbani. Geti la bati lilikuwa limerudishwa tu. Nilipiga hodi. Hakuna aliyejibu. Nikainua mkono kupiga tena, ndipo nikasikia, kutoka uani: sufuria. Zinagongana, zinasuguliwa, zinamwagiwa maji, ile kelele ninayoijua tangu utotoni. Mama alikuwa anaosha vyombo vya safari, na hakukuwa na mtu aliyekuwa anaondoka.

Tulizunguka hadi nyuma. Alikuwa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Sufuria zilizokuwa upande wake wa kulia zilikuwa zinameta, hazina hata tone la masizi, naye alikuwa anazichukua hizo hizo na kuziosha upya.

"Shikamoo, mama."

Mikono ikasimama. Hakugeuka.

"Leo umeingia," alisema.

"Sijakuelewa, mama."

"Juzi ile asubuhi ulipiga hodi getini. Sauti yako. Nikakwambia karibu, nikatoka, hakuna mtu, njia nyeupe. Nikajua mwanangu anaondoka. Nikaja nikaanza kuosha."

Nilihesabu kichwani, sikuweza kujizuia. Ilikuwa asubuhi ile ile ya ufagio. Nyuma yangu mume wangu alikohoa, lakini hakutoa maelezo yoyote, yeye mwenye maelezo ya kila kitu.

"Mbona hukunipigia simu kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kwetu hatuagi."

Nilichutama kando ya beseni. Swali langu lilikuwa bado lipo, pande zake zote mbili, wala hakuna upande uliokuwa umepata nafuu. Nililisema tu neno, kama mtu anayejirusha kwenye maji ya baridi.

"Mama, nimekuja kuaga."

Dodoki likazama kwenye povu. "Usiseme."

"Tunakwenda Japani. Mimi na huyu."

Maji yalikuwa yanamchuruzika viwikoni. Kisha akauliza, bado ametupa mgongo, "Ni mbali kuliko Chemba?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Mbali sana, mama."

Ndipo mama akageuka, na kigoda chake. Aliniangalia usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Baba yako aliaga mtaa mzima. Mimi unajua aliniagaje?"

"Hapana, mama."

"Hakuniaga. Alfajiri nimelala, akatoka kimya, asinisumbue. Majirani walikuwa na neno lake la mwisho, kila mtu ananipa lake pale msibani. Mimi sikuwa nalo. Nikasema basi, nyumba hii asiage mtu." Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Haya, aga. Useme unakwenda wapi, na nani, na unarudi lini. Lote."

Nilisema lote. Nilipofika kwenye kurudi, nilianza upya mara mbili, akanisubiri. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia," akaziinamisha sufuria zikauke.

Siku ile mama alitusindikiza mpaka stendi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Njia nzima alisimamisha watu. "Hawa wanangu wanakwenda Japani! Ndiyo, Japani. Wanarudi."

"Mama," nilimnong'oneza, "ilikuwa siri."

"Siri ya nani? Mimi nimeagwa." Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama pale vumbini, anaangalia upande wetu na si pembeni.

Hofu haikuisha. Sitasema uongo. Asubuhi ya safari, tulipofungua mlango, bibi wa chumba cha mbele alikuwa uwanjani katika giza lile jepesi, ufagio mkononi, bado hajaanza. Ndara zetu zilikuwa kizingitini zinaangalia nje. Nilishika begi upande mmoja, mume wangu upande mwingine, tukamwendea.

"Shikamoo, bibi. Tunasafiri, tunawahi treni. Tumekuja kukuaga."

"Marahaba. Alaa, leo una mdomo! Nendeni salama, Mungu awafikishe."

Mume wangu akasema maneno yake ya Kijapani, kwa sauti, na kuinamisha kichwa.

"Amina," bibi alisema.

Tulikuwa tumeshageuka. Nikarudi hatua moja. "Bibi, samahani. Unaona watu wangapi?"

Hakuniuliza kwa nini. Alitutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, mimi, kisha mume wangu, kisha kile kiza kilichokuwa nyuma yetu kati ya mlango na mwarobaini.

"Wawili," alisema. "Na begi. Haya tokeni, treni haingoji mtu."

Akauegemeza ufagio ukutani, akakaa kizingitini kwake. Tukapita juu ya majani, tukafungua geti, tukaondoka.