Jioni Ambayo Mtaa Haukutwanga Sombe

Nilirudi Buzebazeba, mtaa wa karibu na ziwa, kwa shangazi yangu nikiwa na shahada ya uzamivu, kazi sina. Waliosikia naitwa daktari walikuja kunionyesha vidonda, na mimi utafiti wangu ni dagaa: kwa nini wanaoza masika, na wakaushweje. Mimi hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo mwaka ule waliokaa na mimi walipata tabu.

Kutwa nzima nilikuwa kwenye simu natafuta ufadhili wa watafiti chipukizi. Loo, nilisoma kurasa za vyuo vikuu mpaka macho yakawa mekundu. Huku wanataka raia wao, kule wanataka aliyehitimu juzi, kwingine uwe na profesa wa kukupokea. Mwishowe nikapata mmoja ulionifaa, na profesa akakubali. Lakini wanahesabu miaka tangu uhitimu, na yangu ya kuruhusiwa kuomba ilikuwa inaisha mwaka uleule. Nikikosa hapo, dagaa wangu basi tena. Nikaomba, nikaitwa kwenye usaili kwa video, saa kumi na moja jioni.

Nikachanganyikiwa. Saa kumi na moja kwetu ni saa ya sombe. Mtaa mzima unatwanga majani ya muhogo, na kinu kikubwa kuliko vyote kiko chini ya dirisha langu, cha mama jirani ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Akianza kutwanga, vikombe vinacheza kabatini. Nikasema naenda kumwambia anipishe siku moja tu. Shangazi akanizuia, maana anaujua mdomo wangu. Akajitanda kanga, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia siku hiyo vinu vipumzike, kuna watu wanakuja kuniposa. Nilipomuuliza kwa nini adanganye, akanijibu nani ataacha mboga yake kwa ajili ya utafiti wa dagaa.

Siku ilipofika, mtaa ukatulia. Wale wa usaili waliniuliza maswali magumu, nikajibu kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Nje nilisikia kuku tu. Nilipomaliza nikafungua dirisha, nikasikia harufu ya dagaa wa kukaanga kila upande. Hakuna nyumba iliyopika sombe jioni ile.

Wiki chache baadaye jibu likaja. Nimepata. Nilishangilia, kisha aibu ikanishika, maana watu bado walikuwa wanasubiri harusi. Nikaenda kwa mama jirani, nikamkuta anachambua sombe. Nikamwamkia, nikamweleza yote: posa haikuwepo, nilichopata ni nafasi ya kufanya utafiti, naomba anisamehe.

Hakuacha kuchambua.

"Mwanangu, posa gani hiyo haina hata kiatu cha mgeni mlangoni?" akasema. "Tulijua tangu jioni ileile. Tulikusikia unaongea Kizungu peke yako humo ndani. Tukaambiana, huyu mtoto amehangaika vya kutosha, viacheni vinu vilale hivyohivyo."

Machozi yakanitoka tu. Akanisogezea mchi, akasema leo zamu yangu, tena niwatwangie wote walionyamaza.

Nikatwanga mpaka viganja vikachubuka, nikabeba bakuli mlango kwa mlango.